Dipoziti ya nyumba: Ilinde siku unayoilipa, usingoje siku ya kuhama

Mwisho wa mwezi ukifika, Kware hulali mapema. Mikokoteni inapishana na pikapu, godoro juu, mtungi wa gesi katikati, ndoo za nguo pembeni. Huyu anatoka Kware kwenda Tassia, yule anatoka Pipeline kuja Kware, mwingine amepata kazi Athi River na anahama mara moja. Karibu kila mmoja wao ana pesa ambayo hajaibeba kwa huo mkokoteni. Iko kwa landilodi, na jina lake ni dipoziti.

Kuna watakaorudishiwa bila maneno. Kuna watakaorudishiwa nusu. Na kuna watakaoambiwa "kuja wiki ijayo" mpaka nauli na mda wa kufuatilia vishinde pesa yenyewe, ndipo wanyamaze. Kwa mtu anayetembea kwa mguu kila asubuhi hadi Industrial Area ili aokoe nauli, Sh6,000 ni chakula cha nyumba na karo ya mtoto. Si pesa ya kusema "wacha iende".

Sisi kazi yetu ni kuhakikisha pesa yako imefika ulikoituma. Hatuwezi kuamua kesi kati yako na mwenye nyumba. Lakini rekodi ya malipo yako ndiyo mara nyingi huamua nani ataaminiwa, na hapo ndipo tunaweza kukusaidia. Soma hii kabla ya kuhamia nyumba nyingine, na kama tayari uko ndani, bado kuna mengi unayoweza kurekebisha leo.

Hiyo pesa ni ya nani?

Dipoziti ni yako. Landilodi ameishikilia tu kama dhamana, ili ukiondoka na deni la kodi ama ukivunja kitu, asibaki na hasara. Usipoacha deni wala uharibifu, inafaa kurudi.

Shida ni kwamba pesa ikishalipwa hupewa majina mengi. Kuna dipoziti ya nyumba, dipoziti ya maji, dipoziti ya stima, pesa ya agrimenti na "pesa ya keyateka". Zote hutoka mfuko mmoja, lakini si zote zinarudi. Kwa hivyo swali la kwanza unapoitishwa pesa yoyote siku ya kuingia ni hili: "Hii inarudi ama hairudi?" Jibu litakalotolewa siku hiyo, mkiwa bado mnacheka pamoja, ndilo uliweke kwa maandishi.

Kabla hujatuma hata shilingi moja

Hebu tuanze na wizi, kwa sababu kuna watu wanaopoteza dipoziti kabla hata ya kulala kwa hiyo nyumba.

Mchezo uko hivi. Unaona picha za bedsita safi mtandaoni, bei nafuu kuliko zote za mtaa. Unapiga simu. "Ejenti" anakuambia kuna watu watatu wanakuja kuiona jioni, kwa hivyo tuma dipoziti sasa hivi akushikie. Unatuma. Jioni unafika kwa ploti, keyateka anakuambia hiyo nyumba ina mtu tangu mwaka jana, na huyo ejenti hamjui. Simu yake nayo imezimwa.

Njia za kujikinga ni rahisi:

- Usitume pesa ya nyumba ambayo hujaingia ndani na kuiona kwa macho yako.
- Ongea na mpangaji mmoja ama wawili wa hiyo ploti. Waulize landilodi ni nani, kodi hulipwa wapi, na waliohama walirudishiwa dipoziti ama la. Mpangaji jirani atakuambia kwa dakika tano mambo ambayo ejenti hatakuambia kwa mwezi.
- Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwa skrini. Kama umeambiwa landilodi ni mwanamke na jina ni la mwanaume usiyemjua, simama hapo. Uliza kwanza.
- Haraka ni dalili. Nyumba zimejaa Kware, Pipeline na kwa Njenga. Ukikosa hii utapata nyingine.

Na ukumbuke: ombi la kurudisha muamala ni la pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi. Ukishatuma kwa mtu uliyemkusudia, halafu ugundue alikudanganya, ripoti kwetu na kwa polisi mara moja, lakini usitegemee kwamba pesa bado itakuwa kwa akaunti yake.

Lipa kwa njia inayoacha alama

Kama ploti ina nambari ya paybill, tumia hiyo. Pale kwa nambari ya akaunti, andika nambari ya nyumba vile ulivyoagizwa. Ukikosea na uandike B41 badala ya B14, kodi yako inaweza kusomwa kama ya jirani, na wewe utaonekana una deni.

Ukilipa kwa simu ya mtu binafsi, ujumbe unaorudi unaonyesha jina, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala. Hauonyeshi pesa ilikuwa ya nini. Hapo ndipo kesi nyingi huzaliwa. Mpangaji anasema "nilituma Sh6,000 za dipoziti", keyateka anasema "hiyo ilikuwa kodi ya mwezi wa kwanza". Wote wanaonyesha ujumbe uleule.

Dawa ni ujumbe mfupi wa pili, unaoutuma mara tu baada ya kulipa:

"Habari, nimekutumia Sh6,000 leo tarehe 3. Ni dipoziti ya nyumba B14, inarudi nikihama bila deni. Nambari ya muamala ni hii hapa. Tafadhali thibitisha umeipata."

Akijibu "sawa nimeipata", hata kama ni maneno hayo mawili tu, umepata kitu cha kushika. Huo ujumbe usifute. Kila malipo yatume kivyake: kodi peke yake, dipoziti peke yake, maji peke yake. Ukirundika Sh14,000 kwa muamala mmoja, utakuja kubishana ni sehemu gani ilikuwa ya nini.

Na kama keyateka anasema "nipe mkononi, nitampelekea mzee", jibu kwa heshima: "Kaka, wacha nitume moja kwa moja kwa mzee, halafu nikuonyeshe ujumbe." Huyo keyateka anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini keyateka hubadilishwa, na anayekuja baada yake hana habari za pesa iliyopitia mkononi.

Simu ikipotea, usidhani ushahidi umekwisha. Miamala yako iko kwenye taarifa ya akaunti, ambayo unaweza kuiomba na kuihifadhi kwa barua pepe. Zoea kuiomba mara moja kila miezi michache. Jumbe za kawaida ulizoandikiana na landilodi ndizo hazitarudi, kwa hivyo zipige skrinshoti na ujitumie.

Agrimenti ya mdomo pia ni agrimenti

Wengi hapa mtaani hawajawahi kusaini karatasi yoyote. Umeonyeshwa nyumba, umelipa, umepewa funguo. Halafu siku ya mzozo unaambiwa, "Wewe huna agrimenti, huna haki."

Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua upangaji wa mda mfupi, wa miaka miwili kushuka chini, uliofanywa kwa mdomo ama kwa maandishi. Na kama hamkusema upangaji utaisha lini, wala hamkupanga notisi itakuwa ya mda gani, sheria inauchukua kuwa upangaji wa kipindi, na kipindi ni kile unacholipia kodi. Ukilipa kila mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi.

Basi karatasi ni ya nini? Ni kwa sababu ya kumbukumbu. Baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka mlichosema kwa ngazi siku ile. Kama mwenye nyumba ana agrimenti yake, isome yote kabla ya kusaini, na uombe nakala. Kama hana, karatasi ya daftari iliyosainiwa na nyote wawili inatosha kuanza. Iwe na mambo haya:

- Majina ya pande zote mbili na nambari ya nyumba.
- Kodi ni ngapi, na hulipwa tarehe gani.
- Dipoziti ni ngapi, imelipwa lini, na itarudishwa siku ngapi baada ya kuhama.
- Nini kinaweza kukatwa kwa hiyo dipoziti.
- Nani anapaka rangi ukitoka. Kama umesaini kwamba ni wewe, utadaiwa, kwa hivyo zungumzieni hapo mwanzo.
- Maji na stima vinahesabiwa vipi.
- Notisi ni ya siku ngapi.
- Kama dipoziti inaweza kutumika kama kodi ya mwezi wa mwisho ama la.

Hilo la mwisho limevunja urafiki mwingi. Mpangaji anasema "nitakalia dipoziti", anaacha kulipa mwezi wa mwisho. Landilodi anaona huyo ni mtu anayetaka kutoroka, anapiga kufuli. Kila mmoja anajiona ana haki, na hakuna mahali palipoandikwa.

Siku ya kuingia, toa simu upige picha

Kabla ya kuingiza hata stuli, zunguka nyumba yote na upige video. Onyesha kioo kilichopasuka, rangi iliyobambuka, soketi iliyolegea, kufuli ya mlango, sinki, choo. Piga picha ya mita ya maji na ya stima zikionyesha nambari. Tuma kwa landilodi ama keyateka siku hiyohiyo na uandike, "Hivi ndivyo nilivyoipata nyumba."

Video hiyo itakuchukua dakika tatu. Bila hiyo, kioo kilichovunjwa na mtu aliyekutangulia kinaweza kulipwa na wewe.

Tarehe ya notisi huwaponza wengi

Kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na makubaliano mengine, Sheria ya Ardhi inasema notisi isipungue kipindi cha upangaji, yaani mwezi mmoja, na iishe siku ambayo kodi hulipwa. Hii inawahusu nyote wawili: wewe ukitaka kuhama, na landilodi akitaka utoke.

Tuchukue mfano. Kodi yako hulipwa tarehe 5. Ukitoa notisi tarehe 4 Machi, unaweza kutoka tarehe 5 Aprili. Lakini ukitoa notisi tarehe 12 Machi, mwezi mmoja unaisha tarehe 12 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Mei. Umechelewa kwa siku saba tu, na unaweza kudaiwa mwezi mzima. Mara nyingi hapo ndipo dipoziti huenda, na mpangaji anahisi ameibiwa.

Kama agrimenti yenu ina masharti yake ya notisi, fuateni hayo. Kwa vyovyote, toa notisi kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, mradi una tarehe na umejibiwa:

"Habari landilodi, mimi mpangaji wa B14. Natoa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo tarehe 4 Machi. Nitakabidhi nyumba tarehe 5 Aprili. Naomba tukague nyumba pamoja siku hiyo na tupange dipoziti yangu."

Siku ya kutoka: hesabu ifanywe mkiwa wawili

Nyumba iliyokaliwa inazeeka. Sheria ya Ardhi inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoipata, lakini haimlazimishi kulipia uchakavu wa kawaida. Rangi kufifia baada ya miaka mitatu ni uchakavu. Sakafu kupoteza mng'ao mahali pa kupitia ni uchakavu. Mlango uliovunjwa kwa teke, kioo kilichopasuliwa na mpira wa mtoto, sinki iliyong'olewa, hayo ni yako.

Kwa upande wa pili, kama umepanga chumba kimoja ndani ya jengo kubwa, paa, kuta kuu, mitaro mikuu, ngazi na korido ni jukumu la mwenye nyumba kuzitunza. Usikubali dipoziti yako ikatwe kwa bomba la choo cha korido kinachotumiwa na nyumba kumi.

Ukiambiwa pesa imekatwa, uliza risiti ama bei ya fundi. Hesabu nzuri inaonekana hivi:

Dipoziti ya nyumba: Sh6,000
Dipoziti ya maji: Sh1,000
Dipoziti ya stima: Sh1,000
Jumla: Sh8,000

Kioo kimoja: Sh450
Kufuli mpya: Sh650
Bili ya maji iliyobaki: Sh380
Jumla ya makato: Sh1,480

Inayorudi kwa mpangaji: Sh6,520

Mistari tisa tu, na hakuna mtu amekosewa heshima. Linganisha na ile hesabu ya kawaida: "Madam, hiyo pesa yote ilienda kwa rangi." Muulize rangi ilikuwa debe ngapi, na fundi alilipwa ngapi.

Piga video tena nyumba ikiwa tupu na imefagiliwa, rudisha funguo, na upate ujumbe wa kuthibitisha umezirudisha. Omba dipoziti irudishwe kwa simu, si mkononi, ili nanyi wawili mbaki na rekodi. Hiyo inamlinda landilodi pia, maana kuna wapangaji wanaolipwa halafu wanarudi kudai mara ya pili.

Landilodi amekataa. Sasa?

Nenda hatua kwa hatua. Usirushe mawe wala matusi, hata kwa simu, kwa sababu ujumbe wako wa hasira pia ni ushahidi.

Kwanza, andika dai lako. Taja kiasi, tarehe uliyolipa, tarehe uliyotoka na siku unazompa, kwa mfano 14. Ambatanisha picha za miamala.

Pili, peleka kwa wazee wa nyumba kumi ama kwa ofisi ya chifu. Chifu si hakimu na hawezi kutoa hukumu, lakini mizozo mingi huishia pale, kwa sababu landilodi naye hataki jina lake lizungumzwe baraza.

Tatu, kama kodi yako haizidi Sh2,500 kwa mwezi, jopo linaloitwa Rent Restriction Tribunal ndilo lililoundwa kwa ajili ya nyumba kama yako. Ukweli ni kwamba vyumba vya bei hiyo vimekuwa vichache kwenye maghorofa ya Kware, kwa hivyo wengi hawataingia hapo.

Nne, kwa kodi iliyo juu ya hapo, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mnamo Aprili 2021. Inasikiza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, na pesa yako iliyoshikiliwa na mtu mwingine ni mojawapo ya madai hayo. Unaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa, na korti hii haifungwi kabisa na kanuni kali za ushahidi. Taarifa yako ya miamala, jumbe na video ndizo utakazobeba. Kesi huwasilishwa kwa mtandao, na ukikwama saiba ya karibu inaweza kukusaidia kupakia makaratasi.

Ukihitaji ushauri bila kulipa wakili, jaribu Kituo cha Sheria, shirika ambalo limesaidia watu wa kipato cha chini tangu miaka ya 1970, ama huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016.

Maswali ambayo huulizwa sana

*Ploti imeuzwa, na landilodi mpya anasema hakupokea dipoziti yangu. Nifanye nini?*
Ukisikia tu ploti inauzwa ama ejenti anabadilishwa, usingoje. Mwandikie wa zamani na wa mpya, uwaulize nani ameshika dipoziti yako sasa, na uwatumie rekodi ya malipo. Jibu utakalopata mapema litakuwa la kweli zaidi kuliko utakalopata siku ya kuhama.

*Nina deni la mwezi mmoja na nimepigiwa kufuli. Ni halali?*
Deni ni lako na lazima ulipe. Lakini kukufungia nje bila amri ya korti si njia ya sheria ya kudai kodi, na mwenye nyumba hawezi kujichukulia televisheni yako mwenyewe: kukamata mali kwa ajili ya kodi hufanywa na dalali mwenye leseni. Mara nyingi suluhu ya haraka ni kukubaliana ulipe kwa awamu. Andikeni awamu hizo.

*Nililipa dipoziti miaka mitatu iliyopita, pesa taslimu, bila risiti. Nimechelewa?*
Bado. Leo jioni mtumie landilodi ujumbe wa upole: "Habari mzee, napanga rekodi zangu. Naomba unikumbushe dipoziti yangu ya B14 uliyonayo ni ngapi." Mkiwa bado mnaelewana, atakujibu. Hifadhi hilo jibu.

*Nyinyi mnaweza kunirudishia dipoziti kutoka kwa akaunti ya landilodi?*
Hapana. Tunaweza kukupa rekodi ya muamala wako. Kuagiza pesa irudishwe katika mzozo kama huu ni kazi ya korti.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Fungua jumbe zako sasa, utafute siku uliyolipa dipoziti ya nyumba unayokaa. Ukiipata, ipige skrinshoti na ujitumie kwa barua pepe. Ukiikosa, omba taarifa ya akaunti ya mwezi huo. Na kama kuna rafiki yako anahama mwisho wa mwezi huu, mtumie makala hii kabla hajaita mkokoteni.

PIN yako ni yako peke yako. Landilodi, keyateka, ejenti na hata mfanyakazi wetu hawana sababu ya kuiuliza.